Kiapo cha Bibi Namkunda

Siku tuliyomzika Bibi Namkunda, wazee wa kanisa walikaa kikao nyuma ya jengo la usharika, karibu na tangi la maji, wakijadili kama jeneza liingie kanisani au tuombe nyumbani kwake tu na kumaliza. Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam siku moja kabla, nimelala Same, nimepanda mlima asubuhi na miguu imevimba, na niliposikia wanachokijadili nilipandwa na hasira. Tatizo lao lilikuwa hili. Marehemu, ambaye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, aliacha kushiriki Meza ya Bwana miaka kumi na saba iliyopita, na hakurudi hadi anakata roho. Kila Jumapili alikuja, akaimba, akatoa sadaka, na wenzake walipoinuka kwenda madhabahuni yeye alibaki kwenye benchi la tatu, mikono mapajani. Wachungaji watatu walimwuliza sababu na hakumjibu hata mmoja. Huyu wa sasa, kijana mpole aliyehamia juzijuzi, alinijia akaniomba nimsaidie, kwa kuwa aliambiwa nyumba yetu ilipakana na ya marehemu. Nilimwambia sijui lolote. Uani palikuwa na wanawake wanne waliokuwa wakimenya ndizi za msiba. Wote wanne walikuwa wanajua sababu kama mimi, na hakuna aliyeinua uso.

Habari za ukoo wangu hazina kazi hapa. Inatosha kujua kwamba mwaka ule, nyumbani kwetu Myamba, tulikuwa wawili, Mama na mimi, na kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mdomo mwepesi kuliko akili. Ulikuwa mwaka ambao redio ilitaja kila baada ya siku chache watu wenye ualbino waliouawa huko Kanda ya Ziwa, kwa sababu kuna waganga waliowaaminisha wenzao kwamba viungo vya watu hao vinaleta utajiri. Sisi tulisikiliza huku tunapukuchua mahindi. Tulisema masikini, tukatikisa vichwa, halafu mmoja akauliza chumvi iko wapi. Kanda ya Ziwa ilikuwa mbali sana. Kisha mchana mmoja Mama Mdogo, mdogo wake Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko huko, aliingia uani bila taarifa akiwa amemshika mkono mtoto aliyefunikwa kanga mbili, kofia ya kiume kichwani na soksi zimevikwa mikononi.

"Shikamoo," mtoto alisema, akitazama chini.

"Marahaba, mwanangu. Toa basi hiyo kofia, humu ndani hakuna jua," Mama akamwambia. Hakuitoa. Jina lake lilikuwa Minza na alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mama Mdogo alitusimulia jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Wauaji waliingia nyumbani kwa kina Minza wakamuua mdogo wake, mtoto wa miaka minne, mwenye ualbino kama yeye. Minza alikuwa amejibanza nyuma ya magunia ya mpunga, na alisikia sauti ya baba yake mkubwa ikiwaelekeza chumba. "Polisi walimshika wakamhoji," Mama Mdogo alisema, "wakamwachia. Ushahidi wenyewe ni wa mtoto aliyesikia sauti. Wazazi wake wote marehemu, kwa hiyo mlezi kisheria ni yeye. Sasa anazunguka kila ofisi analia, anasema mwalimu kamwibia mtoto. Nikimwandikisha popote kwa jina lake, ataitwa yeye aje kumchukua. Nipe wiki mbili, dada, natafuta shule ya bweni yenye ukuta." Mama aliuliza kama mtoto anakula makande. Wiki mbili hizo zilikwisha zikawa miezi kumi.

Jiko letu lilikuwa limejengwa peke yake, kama hatua kumi kutoka nyumba kubwa, na juu ya mafiga palikuwa na dari ya mbao ambako tulitunza mahindi ili moshi uzuie dumuzi wasiyatoboe. Mama alisogeza mahindi upande mmoja, akatandika godoro upande wa pili, na huko darini ndiko Minza alikoishi, kwa kuwa hakuweza kukaa katika chumba chenye dirisha. Tukaacha kabisa kutumia mafiga. Tulipikia jiko la mkaa kwenye baraza ya nyuma, hata makande, ambayo kwa mkaa hayaivi leo wala kesho. Nilinung'unika sana juu ya hilo. Mtoto alishuka kwa ngazi lango likishafungwa, akakaa kwenye kigoda, akataka kuona nani anapakua chakula chake na kwa kijiko kipi. Alisoma kipande cha gazeti kikiwa karibu kugusa pua. Siku moja aliniuliza, "Dada, huku nako watu wanauana?" Nikamwambia, "Huku Wapare hatuuani, tunashtakiana." Alitabasamu kwa mara ya kwanza, na nilijiona mtu wa maana sana.

Kosa langu lilitokea siku ya msaragambo. Kwa asiyekujua kwetu, msaragambo ni kazi ya kijiji kizima: baragumu hulia jioni, na kesho yake asubuhi kila nyumba hutoa watu wake wazima kwenda kutengeneza barabara, mfereji, au ndiva, yaani lile bwawa tunalokusanyia maji ya mashamba. Asiyeonekana huulizwa. Asubuhi ile Minza alikuwa na homa kali na alikuwa akiongea Kisukuma kwa sauti bila kujijua, hivyo Mama asingeweza kumwacha. "Sema nimeshuka Same, kuna msiba," aliniagiza. Nilifika ndivani, nikaingia kwenye tope na jembe langu, na kabla sijachota hata beseni moja Bibi Namkunda alikuwa mbele yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, ambaye aliwahi kumrudisha mwanawe mtu mzima kwa mguu hadi gulioni kwenda kuungama uongo alioufanya kwenye mizani.

"Mama yako yuko wapi?"

"Ameshuka Same, Bibi. Kuna msiba."

"Ameshuka saa ngapi? Mimi nimemwona saa moja asubuhi hii anachota maji."

Nilichanganyikiwa. "Anaumwa," nikasema. "Imemshika ghafla, Bibi."

Mtoto yeyote wa mlima ule angejua kwamba hilo ndilo neno la mwisho la kusema. Mtu akiwa safarini husubiriwa. Mtu akiwa mgonjwa huendewa, na huendewa siku hiyo hiyo. Mchana, kazi ilipokwisha, wanawake kumi na mmoja walishika njia ya kwetu wakiwa na tope hadi magotini, mmoja na unga wa uji, mmoja na maziwa, mwingine na mzigo wa kuni. Nilijaribu kutangulia wakanizuia. "Unakimbilia wapi, twende pamoja," walisema, na mmoja akanishika mkono kwa upendo kabisa. Nilitembea katikati yao nikiomba mvua, nikiomba nivunjike mguu, nikiomba chochote.

Mama alikuwa uani akianua nguo, mzima wa afya. Alitutazama, akanitazama mimi, akaelewa yote. Alikaa taratibu kwenye benchi la barazani, akashika tumbo. Walimpa pole, wakamgusa paji la uso, wakasema kweli ana joto, na joto lile lilikuwa la hofu. Bibi Namkunda alikuwa ameshaingia jikoni. "Haya mafiga yamelala siku ngapi?" aliuliza, akapanga kuni, tena kuni mbichi, akapuliza moto. Mama aliita kutoka barazani kwamba jamani msijisumbue, sina hamu ya kula. "Mgonjwa hana hamu, ndiyo maana anapikiwa," Bibi alijibu. Moshi ulipanda. Nilisimama mlangoni nikiutazama unavyoingia kati ya mbao za dari. Kisha kikohozi kikasikika juu. Kilikuwa kidogo, cha mtu aliyejiziba mdomo, halafu kikashindikana kuzibwa kikawa kikubwa na hakikukoma.

Wanawake wote waliinua macho. Mmoja alishika ngazi apande, Bibi akamwambia aache. Akaita mwenyewe: "Teremka, mwanangu, utakufa na moshi." Minza aliteremka anatetemeka kwa homa, hana kofia, machozi yanamtiririka, na akasimama katikati ya jiko akiwa ameshika nguo yake kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja mjamzito alirudi nyuma akajitemea mate kifuani, kama walivyofanya wajawazito wengi wakikutana na mwenye ualbino, eti mtoto wa tumboni asifanane naye.

"Hayo mate ungeyameza," Bibi Namkunda alimwambia bila kugeuka. Alimimina uji kwenye kikombe, akaupuliza, akampa Minza. "Pole, mama. Kunywa." Alimtazama akinywa hadi akamaliza. Halafu akawaambia wenzake, "Tumekuja kumwona mgonjwa na tumemwona. Kingine hatukukiona." Walichukua majembe yao wakaondoka.

Mama hakunisemesha kwa siku nne. Nilistahili. Watu kumi na mmoja walikuwa na siri yetu, kila mmoja ana mume, ana dada, ana jirani wa kusukana naye nywele. Nikienda gulioni na kusikia watu wanacheka, nilikuwa na hakika wanatucheka sisi. Bodaboda ngeni ikinguruma kwenye kona nilikimbilia kufunga lango. Ni kweli kwamba vitu vilianza kuonekana kwenye ua wetu, boga, parachichi, kofia pana ya ukindu, sabuni ya mche, na hakuna aliyesema ameviweka. Lakini mwenye hofu haoni boga. Baada ya wiki tano za kulala vipande vipande nilimfuata Mama barazani nikasema kwa sauti, "Mrudishe. Mpeleke polisi Same, wamalizane naye huko. Tutachinjwa hapa kwa ajili ya mtoto asiye wetu." Mama alielekeza macho jikoni, nami nikakumbuka kwamba dari ina masikio. Hadi siku ile Minza aliniita dada. Kuanzia kesho yake aliniita kwa jina langu, Nakijwa, kwa heshima zote, kama unavyomwita mtu wa ofisini.

Baba yake mkubwa alifika mwishoni mwa kiangazi. Aliuliza tu huko Same nyumbani kwao yule mwalimu ni wapi, watu wakamwelekeza. Alivaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi, akamwamkia Mama shikamoo ingawa walikaribiana umri, akakaa barazani akitazamana na mlango wa jiko. Mama alimkaribisha makande, maana mgeni ni mgeni, akampakulia kutoka kwenye sufuria. Mgeni alikula, akasifia, akaomba aongezewe.

"Hapa mko wawili tu, mama?" aliuliza. "Sufuria kubwa hivi."

"Makande hayapikwi ya siku moja, baba," Mama akasema. "Tunapika, tunapasha hadi yaishe. Wapare ndivyo tulivyo, uliza popote."

Alicheka. Kisha akatoa picha ya Minza mfukoni, akaanza kueleza jinsi alivyomlea baada ya wazazi kufariki, jinsi alivyomnunulia miwani, na akalia. Machozi yalikuwa ya kweli. Nilikaribia kumhurumia, na bado naona aibu nikikumbuka. Hatua kumi kutoka pale, mtoto alikuwa amelala kifudifudi juu ya mbao akiisikia sauti ile ile. Baadaye tuliona alikuwa ameuma mkono wake hadi damu. Mgeni alinawa, akashukuru, akasema kwa upole kwamba atapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa anayo barua ya ulezi.

Baragumu lililia tena. Kesho yake asubuhi tulikusanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kitongoji, na mwenyekiti aliisoma barua mara mbili, kwa sababu ilikuwa na mhuri, na kwetu karatasi yenye mhuri husikilizwa kuliko mtu. Alisema mtoto kama yupo ni wa ukoo wake, na atakayemficha ana kesi ya kujibu. Mama alikuwa amebaki nyumbani. "Nakijwa," mwenyekiti aliniita, "kwenu kuna mtoto?"

"Hakuna."

"Huyu ni wa nyumba hiyo hiyo, atasema nini kingine," mgeni alisema kwa unyenyekevu. "Mwenyekiti, mimi ni mgeni, naomba kitu kimoja. Nimeuliza njia nzima, nimeambiwa hapa kuna mama mmoja, mzee wa kanisa, ambaye tangu azaliwe hajasema uongo. Tena nasikia ni jirani yao. Aape huyo kwenye Biblia, nami nitaondoka."

Biblia ililetwa. Niliwatafuta wale wanawake kwa macho, mmoja mmoja. Yule aliyejitemea mate alikuwa na kichanga mgongoni, ananitazama na kope hazichezi. Nilifikiri, imekwisha. Nilimjua Bibi Namkunda. Nilijua hata kwa mwanawe wa kumzaa hakuwahi kupindisha neno, na nilikuwa napiga hesabu ya dakika, nikitoka mbio sasa hivi nitafika kabla yao, tutashuka kwa upande wa Kihurio, lakini mtoto haoni mbali na jua lile lingembabua.

Bibi alifuta viganja kwenye kanga yake. "Unataka niape nini?"

"Kwamba ndani ya nyumba ile hakuna mtoto zeruzeru."

"Siku ya ndiva huyu Nakijwa alisema mama yake mgonjwa," Bibi alianza, akiutazama mkusanyiko mzima. "Nilikwenda. Niliingia hadi jikoni, nikawasha moto mimi mwenyewe, nikapika uji. Wenzangu kumi nilikuwa nao, hawa hapa." Aliweka mkono juu ya Biblia. Nilikuwa karibu, niliona jinsi vidole vilivyokakamaa. "Mungu wangu ananiona. Katika nyumba ile hakuna mtoto."

Mwenyekiti aliwageukia wenzake. "Ni kweli?" Wa kwanza kujibu alikuwa yule mwenye kichanga. "Ni kweli," alisema. Wakafuata wote. Mgeni alikunja barua yake, akamshukuru kila mtu, na mchana huo akapanda gari la kushuka Same. Mwezi haukuisha Mama Mdogo alikuwa amepata shule, na Minza akaondoka asubuhi na mapema akiwa na kofia ya ukindu, bila kuniaga.

Jumapili iliyofuata kiapo ilikuwa ya Meza ya Bwana. Bibi Namkunda ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi kitambaa cha madhabahu, kwa miaka ambayo sijui idadi yake, na asubuhi hiyo kitambaa kilifuliwa na mwingine. Alibaki kwenye benchi. Nilidhani ni mara moja. Ilipofika mara ya tatu nilimfuata nyumbani kwake, nikamkuta anapepeta maharage, nikamwambia, "Bibi, si utubu tu yaishe. Mungu anaelewa."

"Kutubu ni kujuta, Nakijwa," alisema. "Nikipiga magoti pale niseme najuta, huo utakuwa uongo wa pili, tena wa kumwambia Yeye mwenyewe. Sijuti. Yule mtu akirudi leo nitaapa tena."

"Basi mwambie mchungaji, akusaidie."

"Nikimwambia mchungaji yupo mkewe, na mkewe ana dada. Yule mtoto bado yuko hai, na mimi nataka aendelee kuwa hai. Nitakaa kwenye benchi. Benchi halijaniuma." Lakini lilimuuma. Nilikuwa nakaa nyuma yake, na kila walipoimba wakielekea mbele niliyaona mabega yake yakiinama.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni nikiwa nimesimama kando ya tangi la maji, huku wazee wakijadili kama mwanamke yule alikufa mbali na Mungu. Sikuwa na hakika kama yule baba mkubwa yu hai. Kusema kungemweka Minza hadharani, na kunyamaza kungemzika Bibi kwa aibu. Mama angejua la kufanya, ila Mama tulishamzika. Nilisimama pale kama nilivyosimama siku ile kwenye mlango wa jiko, nikisubiri mwingine akohoe.

Bodaboda ilipandisha kona ikasimama getini. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mrefu, mikono mirefu ya blauzi hadi kwenye vidole, kofia pana, na nyuma ya sikio amebandikwa bandeji kubwa iliyoshuka hadi shingoni. Nilimjua kabla hajainua uso. Nilimkimbilia nikamvuta pembeni. "Umefuata nini hapa? Unajua hatari yake?"

"Wamenikata tena hospitalini, kansa, hapa nyuma," alisema, akigusa bandeji. "Jua lilishanimaliza zamani. Daktari hanifichi, na mimi sitaki tena kufichwa. Mwalimu aliniambia Bibi amefariki, na habari za benchi nazijua. Niache nipite."

Aliwaendea wazee, akawaamkia wote kwa pamoja, akavua kofia. Jua la saa sita lilimpiga usoni na akakunja macho, lakini hakuirudisha.

"Bibi Namkunda aliapa kwenye Biblia kwamba nyumbani kwa Mama Nakijwa hapakuwa na mtoto," alisema. "Mtoto mwenyewe ni mimi. Nilikuwa darini."

Mzee mkubwa wa kikao alimsogelea. "Kwa hiyo aliapa uongo," alisema.

"Ndiyo, babu."

"Na hakutubu."

"Hakutubu."

Uani, wale wanawake wanne walikuwa wameweka visu chini na kusimama. Mzee aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeinamisha kichwa. Alikohoa, akamwambia mchungaji kijana akavae joho lake, kisha akamtuma mtu kupiga kengele. Nilikuwa nalia na sikuwa na kitambaa. Minza alivaa kofia yake, akautafuta mkono wangu kwa kupapasa kwa kuwa jua lilikuwa limempofusha, akaushika.

"Twende, dada," alisema.